Siku Niliyosema Nagaa

Kaeni, kaeni tu. Mkisimama hivi nitashindwa hata kuanza. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha waliofiwa ameniomba mara nne nisimame hapa, na mara zote nimemwambia wiki ijayo. Leo amenishika mkono mlangoni, sikuwa na pa kukimbilia. Nyinyi wa salaam aleikum, nimewasalimia. Nyinyi wa habari, nimewasalimia. Na nyinyi Waturkana wangu mnaocheka huko nyuma, ejok, nimewaona pia.

Mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu. Kazi yangu ilikuwa afya ya jamii, ile ya kuingia nyumba kwa nyumba, kupima mikono ya watoto kwa ule utepe wa rangi, kuuliza mnachota maji wapi na choo kiko wapi. Ni kazi ya kuongea na mtu mmoja, mmekaa chini, mnakunywa chai. Hapa mko wengi, na wengi wenu mmezika. Kwa hivyo nikinyamaza katikati, tafadhali msinipigie makofi ya kunitia moyo. Ningojeni tu, nitarudi.

Nilikuwa naishi ng'ambo ya mto, upande wa Merti, na mume wangu na watoto wetu watatu. Ukame ulikuwa umetupiga vibaya. Ng'ombe waliisha wote, tukabaki na mbuzi wachache na ngamia mmoja mkorofi ambaye hata njaa haikumfunza adabu. Mvua ilipokuja tulitoka nje tukasimama tunyeshewe kama watoto. Mimi mwenyewe niliimba. Siku hizi nikikumbuka kuwa niliimba, najisikia vibaya.

Maana mvua haikuacha. Mto ulijaa, ukatoka kwenye njia yake, ukaingia kwenye vyoo, kwenye visima, kwenye boma za mbuzi waliokufa. Barabara ikakatika. Zahanati ilikuwa upande ule mwingine, na sisi tukawa upande huu, tunaangalia bati lake kwa mbali. Duka letu moja likaishiwa sukari. Kuni zote zimelowa. Ndugu zangu, nawaambia, mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa, na sikuwa na kijiti kimoja kikavu cha kuwashia moto.

Siku ya nne watu wakaanza kuhara. Kwanza mzee mmoja jirani yetu, halafu wajukuu wake wawili. Ile ya maji matupu, kama maji ya kuosha mchele. Nilisomeshwa kuhusu huo ugonjwa, niliujua nilipouona. Nilikuwa na pakiti chache za chumvi ya kuchanganya na maji, nikawapa wale watoto, zikaisha siku hiyo hiyo.

Sasa kazi yangu ilikuwa moja tu: kupiga simu mjini Isiolo, kwa ofisi ya maafa. Tulikuwa tumeambiwa kwamba wana lori lenye dawa, na vidonge vya kutibu maji, na boti juu yake, linangoja kujua liende wapi kwanza. Vijiji vingi vilikuwa kwenye maji. Lori lilikuwa moja. Aliyekuwa anapokea simu ni mzee mmoja wa kwetu, Mborana, mtu mzima mwenye heshima zake. Sitamtaja, na mkimjua msimtaje.

Kwetu network haipatikani chini. Unapanda kichuguu, unasimama upande wa mashariki, unainua uso. Nikapanda. Simu ilikuwa na chaji kidogo sana, kwa sababu ile sola yangu ndogo haikuwa imeona jua siku nne. Nikapiga. Akashika.

Waborana mliopo hapa mnajua kilichofuata, lakini wengine hamjui, acha nieleze. Sisi hatuanzi na shida. Unaanza na nagaa. Nagaa ni amani. Anakuuliza, nyumba nagaa? Unajibu nagaa. Watoto nagaa? Nagaa. Mifugo nagaa? Nagaa. Majirani, mvua, malisho, nagaa, nagaa, nagaa. Hata kama maiti imelala ndani, unasema nagaa kwanza. Halafu mkishamaliza, ndipo unashusha sauti unasema, "Lakini kuna jambo kidogo." Hilo jambo kidogo ndilo habari yenyewe.

Na huyu alikuwa mzee, umri wa baba yangu. Ningemrukia vipi? Ningeonekana mtoto asiye na mama. Kwa hivyo aliponiuliza nyumba nagaa, nikasema nagaa. Watoto nagaa? Nikasema nagaa, wako nagaa. Na mimi nikamuuliza wake, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Akaniambia nagaa. Mifugo yenu? Nikasema nagaa, na mifugo ilikuwa karibu yote imeisha. Ndipo nikavuta pumzi, nikasema, "Lakini mzee, kuna jambo."

Hakujibu. Nikaangalia simu, imezima.

Nilikaa juu ya kichuguu nikijiuliza imezima saa ngapi. Je, alisikia "kuna jambo"? Nikajiambia alisikia. Nikajiambia mzee wa kwetu akisikia nagaa peke yake kutoka ng'ambo ya mto uliofurika, atajua bado sijaongea. Nikashuka nikawaambia watu, "Nimeongea nao. Wanakuja." Mama mmoja alinibusu mkono.

Tukangoja. Wanaume walikwenda kukaa kando ya mto kusikiliza injini ya boti. Jua halikutoka siku hiyo, wala siku iliyofuata. Simu niliiweka juu ya sola, nikaiangalia mpaka macho yakauma, na yenyewe imekufa kama jiwe. Nilijaribu kuuliza kwa majirani, simu zao zote ni hivyo hivyo.

Yule mzee jirani akafa. Asubuhi iliyofuata binti yangu wa katikati akaniambia, "Mama, tumbo."

Alikuwa na miaka saba. Alikuwa na meno mawili ya mbele yameng'oka, na alikuwa anapiga mluzi kwenye hilo pengo, na mimi nilikuwa namkataza kwa sababu kwetu wasichana hawapigi mluzi.

Ningojeni.

Haya. Sikuwa na pakiti hata moja. Nilikuwa nimezigawa, na ndivyo kazi ilivyotaka, sijutii hilo, nataka mjue hilo sijutii. Nilimpa maji ya mvua niliyokinga kwa karai, na chumvi ya kupikia, bila sukari. Alikuwa anakunywa na kutapika, anakunywa na kutapika. Macho yakaingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Ile ndiyo ishara tuliyofundishwa kwenye semina, kulikuwa na picha yake ukutani. Sikuwahi kufikiri nitaisoma kwa mwanangu.

Siku ya tatu tangu nipige ile simu, jua likatoka. Lilitoka vizuri, kali, kama halijafanya kosa lolote. Nikamwachia mume wangu mtoto, nikakaa na simu mpaka ikawaka, nikapanda kichuguu. Nikapiga. Akashika mtu mwingine, msichana mwenye haraka, anaongea Kiswahili tu. Nikamwambia kijiji chetu. Akapekua karatasi, nikazisikia. Akasema, "Nyinyi si mko sawa? Hapa imeandikwa mko na amani. Lori lilienda upande mwingine juzi."

Nikamwambia hatuko sawa, watu wanakufa, halafu nikashuka kile kichuguu mbio. Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amemfunika uso.

Tulimzika alasiri ile ile, mahali palipoinuka, kwa sababu kwingine kote shimo lilikuwa linajaa maji. Boti ilifika kesho yake saa nne asubuhi. Nasema ukweli mbele ya Mungu, wale watu wa boti walifanya kazi nzuri. Walitundika maji ya dripu kwenye miti, walitibu visima, hawakulala, na baada ya wao kufika hakufa mtu mwingine kijijini kwetu. Nesi mmoja aliniomba nimsaidie kwa sababu mimi ndiye ninayejua nyumba zote. Nilimpeleka nyumba zote. Kwangu nilimpitisha bila kusimama.

Kuanguka kwangu kulianza hapo, ndugu zangu. Watu walikuja kwa rambirambi, na kila aliyekuja alisema nagaa? Na mimi sikujibu. Neno lilikuwa lile lile la kichuguuni. Lilikuwa limemuua mtoto wangu, nitalitia tena mdomoni namna gani? Watu wakadhani ni machozi, wakanivumilia. Arubaini ikapita, bado sijibu. Miezi ikapita. Mama mkwe wangu akaingia kwangu na kibuyu cha maziwa, akasema nagaa?, nikamwangalia tu. Mara ya pili, nikamwangalia. Akaweka kibuyu chini akatoka.

Mume wangu aliniambia, "Mimi pia nimefiwa. Lakini huyo ni mama yangu. Mjibu tu, hata kwa uongo."

Nikamwambia, "Nilishasema kwa uongo mara moja."

Aliumia. Nilitaka aumie. Si vizuri, lakini ndivyo nilivyokuwa. Kazi niliacha, ule utepe wa kupimia watoto niliutupa mtoni. Mwishowe akanileta hapa Isiolo mjini, Chechelesi, kwa dada yangu, na watoto wawili waliobaki, akarudi kwa mbuzi wake. Watu wa kwetu walisema ameniacha. Hakuniacha, ila hatukuwa tumebakiwa na namna ya kuongea.

Hapa nilikuwa siendi popote isipokuwa kwenye bomba la maji. Na hapo bombani kulikuwa na mama mmoja Mturkana, mnene, mwenye kelele, ambaye hajui kunyamaza. Ameketi pale, anajiziba uso, kana kwamba hatumjui. Siku moja akaniambia, "Mama nanii, habari?"

Sasa habari si neno la kwetu. Nafikiri ndiyo maana lilipita. Nikasema, "Mbaya."

Si mnajua habari haijibiwi hivyo. Hata nyinyi wa habari mnasema nzuri huku mmefungiwa nyumba. Watu wote kwenye foleni waligeuka. Yeye akatua mtungi wake chini, akaukalia, akasema, "Mbaya ya nini? Sema. Maji hayakimbii." Nikamwambia yote, pale pale, kwenye foleni. Alipoteza zamu yake, na mimi yangu. Nilipomaliza akasema, "Na huyo mzee wa simu, umeshamwambia hivi?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi wa kuambiwa ni yeye, si mimi."

Ilinichukua wiki mbili kwenda. Nilijiandaa kama mtu wa kesi. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na laana, nilikuwa nimepanga mpaka mlango nitakaoufungua kwa nguvu. Nikamkuta mzee amekaa kwenye meza ndogo yenye faili mpaka kidevuni. Akainua uso akasema, "Nagaa, binti yangu?"

Nikasema, "Mtoto wangu amekufa."

Sikuwa nimewahi kumwambia mzee neno hivyo, bila kupita mlangoni. Nikamtajia kijiji, na siku. Hakuuliza mimi ni nani. Akafungua kabati akatoa daftari, akalifungua bila kutafuta, kama ukurasa ambao umefunguliwa mara nyingi. Kwenye mstari wa kijiji chetu kulikuwa na neno moja, kwa mwandiko wake. Nagaa. Na mbele yake aliweka alama ya kuuliza.

Akanieleza. Simu ilipokatika, alijua sijamaliza. Aliandika hilo neno na hiyo alama ili akumbuke kunipigia, na alinipigia, tena na tena, mteja hapatikani. Halafu maji yakaingia nyumba za watu Ngaremara, akaitwa kwenda huko, akaacha daftari mezani. Mkutano wa kupanga lori ukafanyika yeye hayupo. Mmoja wao, mtu wa kuja, akauliza hii nagaa ni nini? Mwingine akamjibu kwa nia njema kabisa: ni amani, hao wako sawa. Ile alama ya kuuliza hakuna aliyeiuliza.

"Mimi nimezaliwa huko," aliniambia. "Najua nagaa ni kubisha hodi. Nikaandika hodi, nikaiita habari." Halafu akavua kofia yake akaiweka juu ya daftari, na akalia, mzee mzima, na mlango uko wazi watu wanapita.

Laana zangu zote zilibaki kwenye mkoba. Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu mmoja wa kumbebesha, na nikaona kila mmoja wetu alibeba kipande kidogo, mimi nikiwemo, na vipande vyote pamoja vikatosha kumuua mtoto. Hilo halikunipa raha. Nitakuwa mwongo nikisema lilinipa raha. Lakini tulilia pamoja, na nilipotoka nilikuwa na njaa. Sikuwa nimesikia njaa tangu msiba.

Nilirudi kwake baada ya siku chache, nikamwambia, "Mzee, katazeni salamu kwenye simu." Akacheka, mara ya kwanza, akasema hata gavana hawezi kuwakataza Waborana kusalimiana. Tukavutana. Tukakubaliana hivi: mtu wa afya ya jamii akipiga simu ya ripoti, anaanza na wagonjwa, halafu maji, halafu barabara. Salamu mwisho, na ziwe ndefu anavyotaka. Na wa huku mjini, akisikia nagaa peke yake, haruhusiwi kuandika kitu. Anauliza, na simu ikikatika anahesabu kwamba kuna shida mpaka aambiwe hakuna.

Akanipeleka Merti kuwafundisha wenzangu. Walinicheka! Mama mmoja mtu mzima, ambaye amezalisha nusu ya wilaya, alisimama akasema, "Nimtajie mtu kuhara kabla sijamuuliza watoto wake? Nimekuwa mzungu?" Tulifanya mazoezi kwa simu za kujifanya, watu wanashika viatu masikioni. Yule mama kila mara anaanza, "Wagonjwa wawili, nagaa?" Chumba kizima kinaanguka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona haya kwa kucheka.

Msimu wa mvua uliofuata walinikalisha kwenye ile simu, kujitolea. Asubuhi moja ikalia. Nikamjua kwa sauti, yule mama mzalishaji. Akasema, "Nagaa? Watoto nagaa? Mzee hapo nagaa?" Mazoezi yote yamemtoka, ameshikwa na hofu, na mtu akishikwa na hofu anarudi kwa mama yake.

Nikamkatiza. Nikapiga kelele, "Hapana, mama! Mgonjwa kwanza! Nani anaumwa?"

Kimya. Nikafikiri imekatika. Halafu akasema, pole pole, kwa hasira, "Wewe mtoto huna adabu." Na pumzi hiyo hiyo akasema, "Watoto watano. Mmoja ni wa binti yangu. Maji yamekata barabara kwenye daraja dogo, pitieni juu." Na simu ikakatika kweli.

Lori liliondoka kabla ya adhuhuri. Lilipitia juu. Watano wote walipona.

Nilipoletewa hiyo habari kila mtu ofisini alipiga makofi, na mimi nilikwenda chooni nikajifungia. Nitawaambia nililia nini, maana humu ndani tuliahidiana ukweli. Nililia wivu. Watoto watano wa watu wengine. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, na niliona wivu hapo hapo. Huo wivu bado upo. Nimeacha kungoja uishe, naamka nao, naenda nao kazini.

Ninamshukuru Mungu, aliyenipa na akachukua. Ninamshukuru dada yangu, aliyenilisha nisipotaka kula. Huyu mama wa bombani, asante, na jifunue uso sasa. Yule mzee amestaafu, na kila Ijumaa hunipigia. Anaanza na, "Leo moyo uko vipi?" na nagaa inakuja baadaye. Mume wangu alikuja mwezi uliopita, akakaa siku sita. Mama yake alimpa maziwa aniletee, na nilimrudishia salamu yake, kamili. Ilichukua muda kutoka, lakini ilitoka.

Ninachowaachia ni kidogo. Mtu wa mbali akikwambia yuko sawa, usikate simu. Ngoja apumue. Na nyinyi mnaokaa kwenye meza za ofisi, mkiona alama ya kuuliza kwenye karatasi, iulizeni. Na wewe uliye upande ule wa mto, usiwe na adabu. Siku hiyo tu, usiwe nayo.

Jambo la mwisho, halafu nikae. Wiki jana yule binti wa mama mzalishaji alinitafuta mpaka hapa Chechelesi, amebeba mtoto mchanga mgongoni, msichana. Alikaa, akanywa chai, akanieleza wagonjwa kwanza, hakuna, ndipo akanisalimia. Halafu akasema, "Sijampa jina. Nimekuja kuuliza wako aliitwa nani."

Mimi sikuwa nimelitamka hilo jina tangu ile alasiri ya kaburi. Hata hapa leo hamjalisikia, na sitaweza. Lakini kwake nilimwinamia, nikalisema. Akalirudia mara mbili asilikosee. Akanipa mtoto nimbebe, nikashindwa, mikono ilikataa, akanielewa akamfunga tena mgongoni. Nilisimama mlangoni nikawaangalia wakienda kutafuta gari la Merti. Walipofika kwenye kona mtoto alianza kulia, na mama yake akamwita kwa jina hilo, kwa sauti kubwa, barabarani, watu wote wanasikia, akimwambia nyamaza, tunaenda nyumbani.